Kofia hushonwa Pemba, bei hupangwa Maskati

MSAFIRI anayetua Maskati kutoka Zanzibar, baada ya safari ya ndege ya karibu saa tano, hahitaji kuuliza kama amefika kwa watu anaofanana nao. Ofisa wa uhamiaji, dereva wa teksi, muuza samaki wa Mutrah na mwanafunzi anayerudi kutoka shule, wote wamevaa kofia. Wala si kofia ya kigeni. Ni ile ile ya kitambaa iliyotobolewa tundu ndogo ndogo na kila tundu likazungushiwa uzi, ambayo kina mama wa Unguja na Pemba huishona alasiri barazani, vyombo vikishaoshwa na kabla moto wa jioni haujawashwa.

Tofauti ya kwanza atakayokutana nayo ni ya jina. Waomani wana neno lao la Kiarabu kwa kofia hiyo, neno ambalo Mswahili hawezi kulitamka mbele ya mama mkwe wake, na ambalo gazeti haliwezi kulichapisha bila kuletewa barua. Ndiyo maana familia zinazozungumza Kiswahili huko Maskati zinaendelea kusema "kofia" tu, na mgeni aliyetoka nyumbani hushauriwa mapema afanye hivyo hivyo.

Nyuma ya mzaha huo kuna biashara. Nchini Oman kofia si pambo la Ijumaa peke yake. Ni sehemu ya vazi la taifa, na mwanamume mwenyeji huivaa ofisini, dukani, msikitini na kwenye harusi. Watoto wa kiume huivaa shuleni pamoja na kanzu nyeupe kama sare. Katika nchi jirani za Ghuba wanaume hujifunika kitambaa kichwani, kwa hiyo kofia ya kushona ndiyo inayomtambulisha Mwomani hata akiwa uwanja wa ndege wa nchi nyingine. Anayetaka kuonekana rasmi zaidi hufunga kilemba, na vilemba bora ni vile vya sufu laini vya Kashmir. Lakini kofia ndiyo vazi la kila siku, na mtu mmoja huwa nazo kadhaa.

Mahitaji yapo, na ujuzi uko nyumbani. Kwa nini basi mshonaji wa kijijini Pemba, ambaye pia ni mkulima wa mpunga na mchumaji wa karafuu, bado huipata sehemu ndogo kabisa ya bei ya kofia yake? Jibu la haraka ni kwamba analaliwa na wachuuzi. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini halitoshi. Sehemu kubwa ya fedha hiyo hupotelea katika mambo madogo ambayo anayeishi Maskati huyaona kila siku na aliyebaki nyumbani hajaambiwa.

Uhusiano wa nchi hizi mbili ni wa zamani. Sultani Seyyid Said alihamishia makao yake Zanzibar katika miaka ya 1830. Alifariki mwaka 1856, na mwaka 1861 Waingereza waliamua kwamba tawala hizo zitengane, Zanzibar ikiilipa Maskati riali 40,000 za Maria Theresa kila mwaka. Serikali ziligawanyika, lakini koo hazikugawanyika, na majahazi yaliendelea kuja na upepo wa kaskazi na kurudi na kusi. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia nyingi zilihama visiwani. Sultani Qaboos alipotwaa madaraka Julai 1970 na kuwaita Waomani walioko nje warejee, maelfu waliitikia kutoka Zanzibar, Tanzania Bara, Kenya, Burundi, Rwanda na Congo. Wengi walikuwa na elimu ya Kiingereza na wakashika kazi serikalini, mashuleni na katika sekta ya mafuta. Walirudi na Kiswahili chao, na kanga, na mapishi. Hata leo mishkaki inachomwa pembezoni mwa barabara za Maskati kwa jina hilo hilo, ila Waomani wameikata irabu ya mwisho. Inakubalika kwa jumla kwamba mtindo wa kofia ya kushona nao uliingia Oman kwa njia ya uhusiano huo na Pwani ya Afrika Mashariki.

Kwa hiyo mshonaji wa Pemba hauzi bidhaa ngeni. Anauza kitu ambacho mnunuzi anakijua vizuri kuliko yeye anavyodhani, na hapo ndipo ugumu unapoanzia.

Kofia moja, vichwa viwili

Kanzu ya Uswahilini hutariziwa shingoni. Kanzu ya Mwomani haina kola, na shingoni huning'inia kishada kidogo cha uzi ambacho wenyewe hukitia manukato. Rangi yake haikomei kwenye nyeupe. Zipo za kijivu, kahawia, buluu na za rangi ya mchanga, na mtu makini hutafuta kofia ambayo uzi wake unakwenda na kanzu aliyovaa. Mshonaji aliyezoea soko la Zanzibar, ambako kofia nyeupe yenye uzi mweupe au wa rangi ya dhahabu humfaa karibu kila mtu, hupeleka Maskati kofia nzuri isiyokuwa na kanzu ya kuivalia.

Umbo nalo linatofautiana. Huku wengi hupenda kofia ikae wima, bapa juu, ngumu kama kopo. Mwomani hupenda iwe na urefu wa kutosha na ulaini kidogo, kwa sababu wengi huibonyeza mbele kwa vidole ili ikae wanavyotaka. Kofia iliyokazwa mno kwa wanga wa muhogo hukataa kubonyea au huvunjika mkunjo mbaya. Wanga si kosa, kwani huko pia kofia hupigwa wanga. Suala ni kiasi chake.

Kisha kuna kipimo. Hapa ndipo wachuuzi wengi wa mizigo ya begani hulia. Maduka ya Maskati huzipanga kofia kwa namba za kipimo cha kichwa, na tofauti ya namba moja na inayofuata ni ndogo mno, kiasi ambacho jicho haliioni ila kichwa kinaisikia. Mnunuzi hujua namba yake kama anavyojua namba ya kiatu. Kofia inayotoka kijijini bila namba, iliyopimwa kwa kichwa cha mume au cha kaka wa mshonaji, hulazimika kungoja mtu mwenye kichwa kama hicho apite. Isitoshe, kitambaa cha pamba ambacho hakikuloweshwa kabla ya kukatwa hurudi kinapofuliwa. Kofia iliyonunuliwa ikiwa sawa huwa ndogo baada ya mfuo wa kwanza, na muuza duka hukumbuka ilitoka kwa nani.

Wazee walikuwa na dawa ya jambo hili, nayo ni faroma, kile kibao cha duara kinachovalishwa kofia iliyofuliwa ili ikauke bila kurudi. Nyumba nyingi za mjini zilikuwa nacho. Fundi seremala yeyote anaweza kuchonga vibao vitano vya vipimo vitano tofauti kwa gharama isiyozidi bei ya kofia moja nzuri, na kikundi cha kina mama kumi kikavitumia kwa zamu. Hakuna mkopo wa benki unaohitajika hapo.

Saa, Ijumaa na nukta

Biashara ya kofia kati ya visiwa na Maskati haiendeshwi na makampuni makubwa. Huendeshwa na binamu, mashemeji na majirani, kwa simu na kwa mizigo inayobebwa na wasafiri. Ndiyo maana tofauti ndogo za maisha ya kila siku huigusa moja kwa moja.

Chukua suala la saa. Oman iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa moja, jambo ambalo wengi wanalijua. Wasilolizingatia ni kwamba Mswahili huhesabu saa tangu macheo, wakati Mwarabu huhesabu kama saa inavyosomeka ukutani. Mtu akimwambia mjukuu wa Mzanzibari aliyezaliwa Maskati kwamba atampigia "saa tatu", bibi ataelewa saa tatu ya asubuhi, na mjukuu anaweza kuelewa saa tisa ya alasiri. Tena wakati wa joto kali, ambapo nyuzi hupita 40 za Selsiasi, maduka mengi hufungwa tangu baada ya adhuhuri hadi alasiri, kisha hufunguliwa na kuendelea mpaka usiku. Anayepiga simu kutoka Chake Chake baada ya sala ya adhuhuri na kukuta haipokelewi hudhani anakwepwa. Mwenzake amelala.

Wikiendi nayo imekwisha kuwapotezea watu fedha. Hadi mwaka 2013 Waomani walipumzika Alhamisi na Ijumaa. Tangu Mei mwaka huo wanapumzika Ijumaa na Jumamosi, na kazi huanza tena Jumapili. Tanzania hupumzika Jumamosi na Jumapili. Ukizihesabu utaona kwamba siku ambazo ofisi na benki za pande zote mbili ziko wazi pamoja ni nne tu, Jumatatu hadi Alhamisi. Malipo ya benki yaliyokosa Alhamisi, basi ni Jumatatu. Kwa mfanyabiashara mwenye mtaji wa kuungaunga, anayetakiwa kuwalipa washonaji Ijumaa, hizo si siku chache.

Halafu kuna nukta. Riali moja ya Oman ina baisa 1,000, si senti 100. Bei iliyoandikwa 12.500 ni riali kumi na mbili na nusu. Macho ya Mtanzania, yaliyozoea maelfu, huisoma kama elfu kumi na mbili na mia tano, na akili hutaka kuigeuza shilingi. Riali hiyo imefungwa kwa dola ya Marekani tangu mwaka 1986, ikiwa na thamani ya karibu dola 2.60. Maana yake ni kwamba bei ya Maskati haiyumbi kwa sababu ya riali. Kinachoyumba ni shilingi, na shilingi inaposhuka, anayepokea riali hufaidika huku anayelipwa kwa shilingi akibaki pale pale. Mshonaji ni huyo wa pili.

Na kahawa. Mgeni akifika nyumbani au katika duka la mzee wa Maskati, huletewa tende kwanza, kisha kahawa ya hiliki isiyotiwa sukari, katika kikombe kidogo kisicho na mkono. Humiminiwa kidogo tu, funda mbili tatu. Akimaliza humiminiwa tena, na tena, mpaka akitikise kikombe kwa mkono wa kulia kuonyesha kwamba ametosheka. Wapo waliokunywa vikombe vinane kwa adabu, wakingoja mwenyeji aache. Mazungumzo ya biashara hayaanzi mpaka habari za afya, za watoto, za mvua na za safari ziishe. Mzanzibari haoni taabu katika hilo, maana ndivyo alivyolelewa. Lakini mfanyabiashara wa bara aliyezoea haraka za Kariakoo, akifungua begi na kutaja bei kabla ya kikombe cha pili, huonekana ana njaa. Na mwenye njaa huuza kwa bei ya mnunuzi.

Wafugaji wanaosoma ukurasa huu wangefurahia zaidi mnada wa mifugo wa Nizwa, mji ulio ndani kidogo kutoka pwani. Kila Ijumaa asubuhi wanunuzi hujipanga kwa duara, wauzaji huwazungusha mbuzi na ng'ombe mbele yao huku wakitaja bei kwa sauti, na anayetaka humsimamisha muuzaji, hupapasa mnyama, huangalia meno, na mazungumzo huendelea mbele ya watu. Kila aliyehudhuria huondoka akijua mbuzi wa namna ile leo amekwenda kwa kiasi gani. Kofia haina duara la namna hiyo. Bei ya kofia husemwa chini chini kati ya watu wawili, na mshonaji aliyeko ng'ambo ya bahari ndiye wa mwisho kuisikia, kama ataisikia.

Washindani ni akina nani

Wengi wakiulizwa adui wa kofia ya mkono watasema ni mashine. Ni kweli kofia za mashine kutoka Asia zimejaa, na kwa riali chache mzazi humnunulia mtoto kofia ya shule bila kufikiri. Lakini kofia hizo hazishindani na kofia nzuri ya mkono. Mwomani huitambua ya mkono akiigeuza tu ndani, na kwa iliyoshonwa vizuri hulipa makumi ya riali. Ni watu wanaothamini kazi za mikono. Mwaka 2003 Serikali yao iliunda mamlaka maalumu ya kazi hizo, na mwaka 2022 ufundi wa jambia la Oman uliingizwa katika orodha ya urithi ya UNESCO. Kina mama wa Kiomani wenyewe pia hushona kofia majumbani, na baadhi ya kofia za bei ya juu kabisa hutoka kwao.

Mshindani anayestahili kuangaliwa kwa makini ni mwanamke mwingine wa kijijini, mwenye sindano kama hiyo hiyo. Yuko Bangladesh. Katika vijiji kadhaa vya nchi hiyo wanawake hushona kwa mkono kofia za Oman, ilhali kofia hiyo haivaliwi kwao kama vazi la asili, wala babu zao hawakuwa na majahazi ya kwenda Zanzibar. Walifikaje? Wabangladeshi ni miongoni mwa jamii kubwa za wageni wanaofanya kazi Oman. Wako katika ujenzi, mashambani, kwenye maduka ya ushonaji na ya kufua nguo. Anayefua na kupiga pasi kofia mia kwa wiki hujifunza mambo ambayo hakuna semina inayofundisha: ipi inarudi, ipi inachanika ukingoni, ni namba gani zinazoletwa kwa wingi, ni rangi gani inavaliwa wakati gani. Watu hao walipeleka nyumbani fedha, na maarifa hayo nayo yakaenda.

Wazanzibari walioko Oman hawana upungufu wa macho. Wana lugha, dini na jamaa, vitu ambavyo Mbangladeshi aliviingia kwa taabu. Lakini mara nyingi kinachotumwa nyumbani ni fedha ya karo na ya kuezekea nyumba, na kinachoombwa kutoka nyumbani ni samaki wakavu, viungo na kanga mpya. Habari za kipimo cha kichwa hazionekani kuwa ni zawadi. Hilo ni kosa la kiuchumi, hata kama hakuna wa kumlaumu.

Hesabu ya kofia moja

Mfano wa hesabu husaidia. Tuseme kofia ya wastani wa ubora inachukua saa 90 za kazi, yaani saa tatu kwa siku kwa mwezi mzima. Kitambaa na uzi vinagharimu Sh8,000. Mchuuzi anainunua kwa Sh60,000. Mshonaji anabaki na Sh52,000, ambayo ni chini ya Sh580 kwa saa. Maskati kofia hiyo, ikiwa na namba inayotafutwa na rangi inayofaa, inauzwa riali 30, sawa na dola 78. Kwa dola moja kubadilishwa Sh2,500, hiyo ni Sh195,000. Mshonaji amepata chini ya theluthi moja ya bei.

Lakini zile Sh135,000 zilizobaki si faida tupu ya mchuuzi. Ndani yake kuna nauli, pango la duka na faida ya mwenye duka. Kuna ushuru wa forodha wa pamoja wa nchi za Ghuba, ambao kwa bidhaa nyingi ni asilimia 5, na tangu Aprili 2021 Oman inatoza pia kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5. Mgeni haruhusiwi kuuza tu barabarani, hivyo lazima apitie kwa mwenye leseni, na mwenye leseni hafanyi kazi hiyo kwa sadaka.

Na ndani yake kuna kofia zilizokosea. Tuseme kati ya kofia tano, tatu zinauzwa kwa riali 30 na mbili, kwa sababu ya namba au rangi, zinauzwa kwa 15 baada ya kukaa kwenye kabati miezi minane. Jumla ni riali 120, wastani riali 24 kwa kofia. Upungufu ni riali 6, yaani Sh39,000 kwa kila kofia. Mchuuzi mzoefu hajui mapema ni kofia zipi mbili zitakazokosea, kwa hiyo hushusha bei ya zote tano anaponunua kijijini. Mshonaji aliyepatia kipimo hulipa kwa ajili ya aliyekosea. Hizo Sh39,000 ni karibu theluthi mbili ya malipo anayopewa sasa katika mfano huu, na hazikuliwa na mtu. Zimepotea tu.

Ndiyo maana kupigania bei bila kurekebisha kipimo ni kazi ngumu. Kikundi kinachoweza kumwambia mchuuzi "hizi hapa ishirini, tano za kila namba, kitambaa kimeloweshwa kabla ya kukatwa, rangi ni ulizoagiza" kina sababu ya kudai Sh80,000, na mchuuzi ana sababu ya kukubali. Habari zinazohitajika ni chache: orodha ya namba tatu au nne zinazotoka haraka dukani, picha ya simu ya kofia inayopendwa ikiwa imewekwa kando ya rula, na vipande vya uzi wa rangi zinazotakiwa. Jamaa yeyote aliyeko Maskati anaweza kuzipata siku moja baada ya magharibi, maduka yakiwa yamefunguliwa.

Kazi hii ina uzito wake kwa sababu njia nyingine ya mwanamke wa kijijini kuifikia riali inajulikana. Ni kwenda mwenyewe, kufanya kazi za ndani. Wapo waliokwenda wakarudi salama na wakajenga. Lakini ripoti ya Human Rights Watch ya Novemba 2017 ilieleza yaliyowapata baadhi ya Watanzania waliofanya kazi hizo Oman na Falme za Kiarabu: pasipoti kushikiliwa na waajiri, kazi ya saa nyingi bila mapumziko, mishahara kucheleweshwa au kutolipwa kabisa. Sindano haitalingana na mshahara wa mwezi wa Ghuba, hilo ni wazi. Lakini Sh20,000 zaidi kwa kofia, kwa mtu anayelala kwake na watoto wake, huibadilisha hesabu ya nani aende na nani abaki.

Mwezi unapotembea

Limebaki jambo moja ambalo mkulima analielewa kuliko mfanyabiashara wa mjini. Mauzo makubwa ya kofia Oman huja kabla ya Idd el Fitr na Idd el Hajj, na kwa kiasi fulani kabla ya sikukuu yao ya taifa mwezi Novemba. Kalenda ya Kiislamu hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka. Kilimo hakirudi nyuma. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba, na karafuu kwa kawaida huanza kuchumwa katikati ya mwaka na kuendelea hadi mwanzoni mwa mwaka unaofuata.

Mwaka 2013 Idd el Fitr iliangukia Agosti. Kofia zake zilishonwa Mei, Juni na Julai, wakati mpunga umekwisha pandwa, mvua zimewaweka watu ndani, na karafuu zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza au hazijaanza. Mikono ilikuwepo. Kuanzia mwaka 2028 Idd hiyo inaingia Februari, na kofia zake zinatakiwa kushonwa Oktoba, Novemba na Desemba ya mwaka uliotangulia, kipindi ambacho katika msimu mzuri wa karafuu Pemba nzima iko juu ya mikarafuu au kwenye majamvi ya kuanikia. Mchumaji hulipwa siku hiyo hiyo kwa pishi alizochuma. Kofia hulipwa ikiisha. Hakuna mwanamke mwenye akili timamu atakayeketi na sindano wakati huo kwa Sh580 ya saa.

Anayetaka kofia za Idd ya Februari 2029 atalazimika ama kulipa zaidi, ama kuzikusanya mapema tangu Juni 2028 na kuzihifadhi miezi kadhaa, jambo linalohitaji mtaji wa kuwalipa washonaji nusu mwaka kabla ya mauzo. Vikundi vya kuweka na kukopa vya vijijini vinaweza kufanya hivyo kwa kiwango kidogo, iwapo kofia zinazowekwa zina namba na rangi ambazo duka la Mutrah limekwisha kuzithibitisha. Kofia zisizo na namba hazifai kuwekwa dhamana. Mwaka 2033 Idd el Fitr itakuwa mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba, na misimu miwili ya mauzo itabanana ndani ya mwaka mmoja, yote ikitanguliwa na miezi ya karafuu.